Paka wa Ukweni

Nina kovu chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Mume wangu analo pia. Jirani wa mlango wa pili, anayeenda kufulia watu nguo mtaa wa Ayany, analo, na bintiye analo. Ukija kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Mashimoni ukaona watu wanakugotea ngumi badala ya kukupa kiganja, usidhani wanajifanya vijana. Wanaficha vidole.

Ni kazi ya paka wangu. Haki ni kusema paka wetu, lakini akishika panya alikuwa paka wa ploti, na akiuma mtu alikuwa paka wangu, peke yangu. Majirani walimwita Landilodi, mwenye nyumba, kwa sababu aliingia nyumba za watu bila kubisha, akaketi kwenye kiti kizuri, na watu wazima wakasimama.

Alinijia ndani ya gunia. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Kawangware, na mwezi ule wa kwanza tulipoanza kuishi pamoja alikuja kututembelea. Alisema amesikia panya wanatusumbua. Kweli walitusumbua, maana mimi napika chapati na maharagwe kwa kibanda, na gunia la unga hulala ndani pamoja nasi. Basi wifi akafungua gunia lake, akaniambia huyu ni mpole ajabu, anapenda watu. Maneno hayo aliyasema akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Mimi na ujinga wangu nikadhani ni adabu. Watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, mimi nikapewa paka, tena nikashukuru kwa mikono miwili.

Wueh! Wiki hiyo hiyo nilijua. Alikuwa na namna moja ya kuuma, hakuibadilisha hata siku moja. Anakuangalia kama mtu anayesinzia, unajisahau, kisha anakamata nyama ya chini ya kidole gumba, anang'ang'ania, na huku chini anakupiga mateke na miguu ya nyuma mpaka mkono wote uwe mistari. Halafu anaachilia na kujilamba. Nilimtupia sapatu mara nyingi, na sikumpata hata mara moja. Nilimtukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa Kiluhya kidogo nilichokuwa nacho, na mume wangu akaniambia nipunguze sauti, ploti nzima inasikia. Nikamwambia ploti nzima imeumwa, ina haki ya kusikia.

Kumtupa sikuweza. Zawadi ya ukweni hairudishwi, hasa ukiwa umeolewa na watu wasiokutaka.

Nieleze hapo. Mume wangu ni Mluhya kutoka Vihiga, seremala. Mimi ni mtu wa Machakos. Baba yake hakuwa na neno na mimi kama mimi, alituma kusema hivyo, lakini alikuwa amesikia habari za Wakamba. Unajua ni habari gani: uchawi. Ukimwambia mtu Nairobi hii wewe ni Mkamba, anacheka kwanza, kisha anauliza kama una dawa ya kunasa wezi. Mara mbili tulimwalika mzee na mara mbili alikuwa na kazi shambani. Mara ya tatu alikuja Nairobi kutibiwa macho, akalala Kawangware kwa mpwa wake siku nne, maana kwa binti aliyeolewa mzee halali, akarudi nyumbani bila kupita kwetu. Huko kwao mtu asiyekula kwako hajakukubali, hata akikusalimu vizuri namna gani. Mimi, ambaye mafundi wa mjengo na mchungaji wanakula chakula cha mkono wangu kila siku, baba mkwe anaogopa sahani yangu! Iliniuma sana. Niliogopa pia, maana mume wangu alianza kunyamaza kila nilipotaja kwenda kwao.

Kisha, baada ya wifi kumsihi sana, mzee akakubali. Angekuja macho yakikaguliwa tena, Jumapili baada ya kanisa, wifi amlete. Kulala kwetu haiwezekani, mzee wa Kiluhya halali kwa mwanawe aliyeoa, lakini angekaa saa moja, mbili. Mimi nilitaka jambo moja tu katika saa hizo: ale.

Sasa pata picha. Mkamba, na paka mkali, na nilisahau kusema kwamba alikuwa mweusi, mweusi tii. Ilibaki tu nitundike kibao cha mganga mlangoni.

Nilizunguka ploti nikiomba mtu amhifadhi mchana mmoja. Mama wa mlango wa pili alinionyesha kidole chake tu. Mwingine aliniambia ananipenda lakini si hivyo. Nilimpigia wifi simu nikamwambia kwa upole, au kwa upole nilioweza, kwamba mgeni wake wa gunia arudi Kawangware siku moja tu. Akasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nyumba yetu ni chumba kimoja, kama za watu wengi. Mbele viti na meza, nyuma kitanda, katikati pazia kwenye waya. Pazia hilo wakati mwingine ni kitambaa tu, lakini siku mkwe anapokuja ni ukuta. Kwa kina mume wangu, baba mkwe haoni kitanda cha mke wa mwanawe. Akikiona ni mwiko, kuna mambo ya kusafishwa, wazee waitwe. Wifi alinirudilia hilo kwenye simu mara tatu, na hapo simu haikukatika. Kwa hiyo nilifua pazia, nikakaza waya, na kila kitu cha aibu nikakirundika nyuma juu ya kitanda: nguo chafu, viatu, kamisi zangu. Paka nilimfunika kwa tenga la kuku pembeni mwa kitanda, na juu ya tenga nikaweka jerikeni la maji. Maji yalikuwa yamekatika tangu Ijumaa, kwa hiyo lilikuwa nusu. Nilijua ni nusu. Nilijiambia linatosha.

Mzee alifika saa nane. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa iliyopigwa pasi. Hakunipa mkono, na hilo ni heshima kwao, si dharau. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango. Akauliza habari za nyumbani kwetu, za mvua, za mama yangu. Mambo yakaenda vizuri. Nikaleta kuku, firigisi juu, nikaleta ugali unaofuka moshi, nikaleta jagi na beseni la kunawa.

Akasema ameshiba. Amekunywa chai Kawangware na mkate mwingi, na tumbo la mzee ni dogo.

Nilisimama na jagi. Mume wangu akasema baba, kidogo tu. Wifi akasema baba, kuku ni wa kienyeji. Mzee akajibu kwa sauti ya chini kwamba chakula kinaonekana kizuri, Mungu ambariki aliyekipika. Alikuwa na adabu kabisa, na ndiyo sababu nilitaka kulia. Mtu akikutukana unaweza kujibu.

Hapo ndipo nyuma ya pazia kitu kikakwaruza. Harufu ya kuku ilikuwa imefika. Wifi akaanza kukohoa kwa nguvu ili kufunika kelele. Jerikeni likasogea, tukalisikia likisogea, kisha likaanguka pu, na maji yakatoka chini ya pazia yakielekea viatu vya mzee. Kabla sijaweka jagi chini, paka alikuwa amepanda pazia mpaka juu. Msumari ukang'oka. Waya, pazia na paka vikashuka pamoja, na kitanda changu kikabaki wazi na kamisi zangu zote, mbele ya baba mkwe.

Mzee alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Kofia ilikuwa usoni kabla pazia halijagusa sakafu. Akaketi hivyo, uso umefunikwa, mkono mmoja umeshika kofia, na mwingine ameunyoosha mbele kama mtu anayezuia gari. Paka akauona ule mkono. Nilimwona akiuona. Nikapiga kelele nikiwa nimechelewa.

Akamkamata hapo hapo, chini ya kidole gumba, na mateke yakaanza.

Mzee hakulia. Hakuvuta mkono. Alikaa kimya kabisa akiumwa, mpaka paka akachoka, akaachilia, akaenda kuketi kwenye kona na kujilamba. Damu ilikuwa inadondoka kwenye mkeka.

Kisha mzee akauliza, kofia bado usoni, "Huyu paka ametoka wapi?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Wifi aliangalia mabati. Mimi hasira zilinipanda, nikafungua mdomo kusema, muulize binti yako. Ndipo nikamwona wifi vizuri. Alikuwa mama wa watoto wanne na midomo ilikuwa inamtetemeka kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Nikafikiri, huyu mzee ataondoka bila kula hata nikisema kweli, na huyu dada atabaki na lawama bure.

"Ni wangu, baba," nikasema. "Mimi ndiye ninayemlisha."

Halafu mzee akainua ule mkono wenye damu, akatuonyesha. Kando ya jeraha jipya palikuwa na kovu la zamani, mahali pale pale, umbo lile lile.

"Si wako," akasema. "Mimi ndiye niliyemtia kwenye gunia. Huyu ni wa mama yao."

Sikuelewa mara moja. Mama mkwe sikuwahi kumwona, alifariki muda mfupi kabla sijakutana na mume wangu. Tulirudisha pazia kwa haraka, mume wangu akagonga msumari kwa kisigino cha kiatu, na mzee alipohakikishiwa mara mbili kwamba ni salama akashusha kofia, akasimulia akiangalia meza. Marehemu alimwokota paka huyo akiwa bado kitoto cha paka, wanawe wakiwa tayari Nairobi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumgusa. Siku ya pili baada ya mazishi paka aliketi mlangoni mwa jikoni, na kila aliyetaka kuingia alimuuma, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza. Miezi mitatu mzee alipika nje, kwenye mawe. Majirani walimwambia ampige rungu.

"Ningempigaje?" akasema. "Alikuwa analinda jiko la mwenyewe."

Kwa hiyo akampa mtu wa kumpeleka Kawangware kwa binti yake, akamwagiza aseme ni mpole. Wifi alikaa naye wiki sita, akaumwa yeye, mumewe na mgeni mmoja wa kanisa. Lakini akatuambia hakumtoa kwa sababu ya kuumwa. Kila alipomwangalia alimkumbuka mama, na hakuweza kumwambia ndugu yake, kwa sababu ndugu yake hakuwa amelia tangu mama azikwe.

Mume wangu alisimama akaenda kwenye kona. Akachuchumaa, akanyoosha mkono. Paka akampiga kofi na kucha zote nje. Hakuondoa mkono. Akapigwa la pili, na bado mkono ulikuwa pale, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulimwacha. Wifi alijifuta uso na leso, mimi nikajifuta na aproni.

Mzee ndiye aliyeanza tena kuzungumza. Alisema mama yao alikuwa mkali pia. Miaka arobaini aliishi naye na hakuwahi kuonja mchuzi jikoni bila kuitwa. Alijaribu mara moja tu, akapigwa mwiko. Kisha akamuuliza mwanawe bila kugeuza kichwa, "Na huyu wako, ni mkali?"

Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa kwenye kona, uso umejaa machozi, mkono unatoka damu. Ungetarajia mtu katika hali hiyo afikirie kwanza.

"Sana, baba," akasema.

Nilitafuta sapatu kwa macho. Lakini mzee alikuwa amevuta kiti, amekitoa mlangoni na kukisogeza mpaka kwenye meza, na ameweka ule mkono ulioumwa juu ya beseni.

"Mama," akaniambia, "nimwagie maji nile."

Nikammwagia. Akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi. Chumvi ilimwingia kwenye kidonda, akakunja uso, akakaza meno, akachovya tena.