Siku Baba Alipomshika Kinyonga

Nilipokuwa mtoto sikuogopa giza wala nyoka kama nilivyoogopa kuonekana njiani na baba yangu siku ya Jumapili.

Tulikaa Ndalu, kwenye ploti aliyoinunua baba alipohamishiwa shule ya msingi ya pale. Yeye alizaliwa upande wa Kitale, kwa wazazi waliotoka Nyeri kutafuta shamba, na majirani zetu karibu wote walikuwa Wabukusu. Walimheshimu. Aliwafundisha watoto wao na kuongoza kwaya kanisani. Lakini ibada ikiisha alivua tai, akavaa gambuti na kuniita: "Njeri, twende tukaone nini kimetoka."

Kilichotoka kingeweza kuwa ua, ndege au mdudu. Kwetu mtu alitembea kwenda kusaga mahindi, kwenda dukani au kwenda matanga. Baba alitembea ili atazame. Alichuchumaa mbele ya konokono wakubwa waliopanda migomba baada ya mvua. Aligusa kifauongo kwa ncha ya kidole, akatabasamu majani yalipojikunja, kana kwamba hajawahi kuyaona. Mara nyingine alinishika bega tusimame kimya, kisa korongo wawili wenye taji wanapita shambani kwa mtu, wakijibeba kama wenye ploti. Watu walipita na mizigo yao.

"Mwalimu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Nimeokota," alijibu bila kuinua kichwa.

Walicheka, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu. Shuleni nikaitwa mtoto wa mchunga konokono. Ati baba yangu huwapeleka malishoni asubuhi, na bado hawajafika.

Kulikuwa na kiumbe mmoja ambaye hata wavulana watukutu hawakumgusa, naye ni kinyonga. Wazee walisimulia kwamba zamani aliomba chakula kwa watu, akanyimwa, akawalaani wawe wanakufa. Tangu hapo akionekana njiani watu huzunguka mbali. Na mwanamke mjamzito hatakiwi kumtazama kabisa, maana mtoto atazaliwa na kasoro. Mama yangu, ambaye alishona sare za shule sebuleni na kusikia habari zote za kijiji, alikuwa amemwonya baba zaidi ya mara moja.

"Konokono sawa. Lakini kinyonga mwachie Mungu wake."

Ilikuwa msimu wa palizi. Tulikuwa tunarudi kutoka kijitoni wakati baba alipomwona, kijani kabisa, kwenye ua wa jirani. Akamtegea mkono. Yule kinyonga akapiga hatua, akasita, akayumba, akapiga nyingine, mpaka akasimama kwenye kiganja cha baba. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha kama ile.

Hapo wakatokea wanawake waliokuwa wametoka kwenye maombi. Mbele alikuwa Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, bibi mzee aliyeitwa hivyo na kijiji kizima, na nyuma yake mkaza mwanawe, Mama Wekesa, mimba yake ikiwa kubwa.

"Mwalimu! Weka hiyo kitu chini!" Kukhu alipiga kelele. "Si unaona huyu ako na mimba?"

"Hana sumu, Kukhu. Angalieni macho yake, moja linatazama huku, lingine kule." Na baba, kwa kutaka waone, akasogea mbele na mkono umenyooshwa.

Mama Wekesa alijifunika uso kwa leso, akarudi kinyumenyume, akaanguka kwenye mtaro. Wanawake walimwinua huku wakisema kwa Kibukusu maneno ambayo baba hakuyaelewa yote. Mimi niliyaelewa, maana nilikua na watoto wao. Kukhu alisema Kiswahili mwishoni, ili baba asikose kusikia: "Huyo mtoto akipata shida, tutajua tubishe mlango gani."

Mtoto alizaliwa wiki ile ile, kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo sana, wakampeleka hospitali Kitale, na aliporudishwa nyumbani habari ilikuwa imeshafika kila mahali. Mwalimu wa kutoka kwingine amemwonyesha mke wa watu kinyonga. Wateja wa mama walichukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Darasani aliyekaa nami alihamia dawati la nyuma, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningehama kama ningekuwa na pa kuhamia.

Jioni moja niliwasikia wazazi wangu mezani.

"Nenda kwao," mama alisema.

"Niende kusema nini? Kwamba kinyonga ameroga mtoto? Mimi ni mwalimu."

"Sema ulimtisha. Hiyo si uchawi. Ni ukweli."

Baba alikaa na chai yake mpaka ikapoa.

Jumamosi mchana alivaa shati lake jeupe la kwaya, akaniambia tuandamane. Mpaka leo sijui kwa nini alitaka niwepo. Uani kwa Kukhu kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, na nyuma ya ua niliona vichwa vya wenzangu wa darasani, vimepangana kama ndege. Mama Wekesa hakuwepo. Walisema yuko ndani na mtoto.

Baba hakuketi. Alisema, "Nilimtisha mama mjamzito. Nilitaka aone kile ninachoona mimi, sikujali yeye anaona nini. Naomba msamaha."

Nilidhani yataishia hapo. Lakini Kukhu alileta kigoda kifupi, kile cha wanawake cha jikoni, akamwonyesha akae. Baba akakaa, magoti yakamfikia kifuani. Kukhu alichovya majani kwenye karai, akamnawisha mikono ili kuiosha laana ya kinyonga, kisha akajaza maji mdomoni na kumpulizia viganja, kifua na uso. Maji yalimtiririka kidevuni. Hakuyafuta. Mtoto mmoja nyuma ya ua alicheka, wengine wakafuata.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwona mtu aliyeshika chaki, mtu aliyeinua mkono kanisa zima likaanza kuimba, amekaa kwenye kigoda, ametemewa mate. Nilitazama chini njia nzima ya kurudi. Na haikuishia pale. Kanisani walisema Mkristo hawezi kwenda kuoshwa kwa mambo ya giza, wakampokonya kwaya. Alikaa benchi la nyuma miezi mingi. Hakulalamika, ila alipoimba alifungua mdomo nusu.

Mtoto alikua. Waliita jina lake Nafula, kwa ajili ya mvua. Wateja wa mama wakarudi mmoja mmoja. Mimi nilimaliza shule, nikapata kazi karibu na Kibabii, na kwa miaka mingi, nikiulizwa natoka wapi, nilisema Kitale tu. Nilihofia nikitaja Ndalu mtu aseme, wewe si ni mtoto wa yule mwalimu?

Mwaka huu nilikutana na Mama Wekesa Bungoma, kwenye foleni ya hospitali. Alinitambua yeye. Tuliketi kwenye benchi moja, akaniuliza habari za baba.

"Mimi sikuwa nimemwona huyo mtoto uso, unajua? Kule Kitale manesi ndio walinishikia. Nyumbani nilimnyonyesha na leso juu ya kichwa chake. Niliogopa nitaona kitu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka hiyo siku baba yako alikuja. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikasikia akisema ni yeye, si mimi, si mtoto. Nikasikia Kukhu akimpulizia maji. Nikasema, sasa imeisha. Nikatoa hiyo leso." Akacheka taratibu. "Alikuwa mrembo, bana. Mzima kabisa."

Jina lake likaitwa, akaingia kwa daktari. Mimi nikabaki pale uso ukiniwaka kama siku ile uani. Sidhani baba aliwahi kuamini maji ya Kukhu, na sidhani alihitaji kuyaamini. Miaka yote hii nilikuwa nikiwakumbuka waliomtazama, kila kichwa nyuma ya ua, na sikumfikiria hata mara moja yule aliyekuwa ndani ya nyumba, akiogopa kumtazama mtoto wake.