Muhogo Uliotajwa Kuliko Yote

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile shambani kule Bwera, kwa sababu nilikuwa nimeshika kamera. Nilikwenda kupiga picha za mavuno. Mama Kabugho, mjane aliyepanda shamba lake lote mbegu niliyomletea, aling'oa shina la kwanza. Majani mazuri, mihogo minene. Akapasua mmoja kwa panga, na ndani ulikuwa umeoza, kahawia tupu. Akapasua wa pili, wa tatu. Nikashusha kamera. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake na wajukuu wake.

Sasa nikuambie mbegu ile niliichaguaje, na usinicheke sana. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa majuzi tu katika ofisi ya utafiti wa mazao mjini Kasese, najiona mjuzi kweli. Makala za wanasayansi zilikuwa nyingi mno kuzisoma, basi nikatengeneza programu ya kompyuta izipitie zote, ihesabu ni aina gani ya muhogo inatajwa zaidi pamoja na ule ugonjwa wa kuoza uliokuwa ukiwasumbua wakulima wetu. Aina moja iliziacha nyingine mbali. Nikasema huu ndio unaoshinda ugonjwa, la sivyo wangeutaja hivyo kwa nini? Sikufungua makala hata moja.

"Mutoto yangu," Mama Kabugho akasema polepole, "hii muhogo niliijua. Kwa shemeji yangu ilioza hivi hivi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulisema kompyuta imesoma vitabu yote. Mimi niko nani? Na wewe hukuniuliza."

Neno hilo liliniuma, mwanangu, kuliko hata ile mihogo iliyooza. Jibu lilikuwa mlangoni kwake siku zote, na mimi nilimnyamazisha kwa maneno yangu makubwa.

Nikarudi Kasese, nikafungua makala ya kwanza, nikaisoma kwa macho yangu. Kisha nyingine, na nyingine. Aina ile, zilisema, hupandwa makusudi kwenye majaribio kwa kuwa huugua upesi, ili ugonjwa uenee na watafiti waone ni mihogo ipi mingine itastahimili. Ndiyo maana ilitajwa kila mahali. Nilikuwa nimempelekea mjane ugonjwa, tena nikitabasamu.

Kesho yake nilirudi kumwambia ukweli. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga kitenge chake vizuri. Majirani walikuwa wamekwisha kuomba vijiti vya muhogo ule shambani kwake wakapande, kama ilivyo desturi yetu, na hakumnyima mtu. Tukapita nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyebisha hodi kila mlango, na kila mlango alinigeukia: "Sema wewe mwenyewe." Nikasema. Wakang'oa.

Mwanangu, mashine sikukatazi. Nami naitumia mpaka leo, nayo hunionyesha makala ambazo nisingezifikia maishani. Lakini ikikupa jibu, fungua makala lilikotoka jibu hilo, usome mwenyewe. Kisha nenda kwa mwenye shamba, umuulize, na unyamaze mpaka amalize kusema. Hujui wangapi wanajua na wamenyamaza kwa sababu yako.

Mungu akupe subira ya kusoma na masikio ya kusikiliza. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mtu kama Mama Kabugho wa kwenda nawe nyumba kwa nyumba.