Jiko la makaa linalojilisha lilivyotugomea, harusi ya jirani ikiwa kesho yake

Wakuu, salaam kwenu mlio bara, visiwani na huku ughaibuni. Humu mimi ni msomaji wa kimya tu. Leo naleta la kwangu, na nitalisema lilivyokuwa, chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Mawaleh, Muscat. Mke wangu Nasra ni Muomani, wazee wake walitokea Unguja.

Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilipunguza watu, naye akawemo. Akabaki nyumbani. Hakulalamika, ila akawa hasemi sana. Mlio kwenye ndoa mnaujua ukimya huo.

Jiko lenyewe tuliletewa na kaka yake, Khalfan. Alikuwa akifanya kazi nchi ya baridi, na aliporudi akalitia kwenye kontena pamoja na vyombo vyake. Kule wanalitumia kupashia nyumba joto.

Sasa Muscat nani anapasha nyumba joto, wakuu? Tulicheka mpaka basi.

Nasra hakucheka. Alilizunguka, akafungua mlango wake mdogo, akasema, "Hili litaoka mikate."

Fundi wa kuchomelea kule Darsait akatutengenezea oveni ya chuma juu yake. Tukaliweka uani, mahali pa wazi, maana moshi wa makaa si wa kufungiwa ndani.

Kwa asiyelijua: unajaza makaa ya punje kwenye tangi. Chini kuna mota inayozungusha parafujo refu ndani ya bomba. Parafujo ndilo linalosukuma makaa kidogo kidogo hadi motoni, na feni inapuliza. Huchochei kitu, unamwaga majivu tu.

Mikate ya kumimina ikaanza kutoka, ya rangi nzuri juu na chini. Kwanza wakala ndugu. Halafu jirani yetu Bi Raya akaagiza mikate ya harusi ya binti yake, ya kuliwa Ijumaa baada ya sala. Ilikuwa oda ya kwanza kutoka kwa mtu asiye ndugu, na Nasra akaanza tena kuimba jikoni.

Alhamisi asubuhi moto ukazima.

Mota ilikuwa inaunguruma kama kawaida, lakini makaa hayaendi. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Pini ndogo inayounganisha mota na parafujo ilikuwa imekatika. Jiko lilikuja na pini za akiba, nikaweka nyingine. Likazunguka kidogo, tak, ikakatika. Nikaweka ya tatu. Tak.

Nikampigia Khalfan. Akaja na bolti ya chuma kigumu mfukoni.

"Shemeji, tia hii," akasema. "Hii haikatiki maisha."

Kusema kweli nilishaipokea. Nilitaka tu jiko liwake.

Nasra alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. "Khalfan, ngoja. Kama pini haikatiki, nini kitakatika?"

Baada ya pini kuna meno ya gia ya mota, na mota ya jiko hilo Muscat nzima sijui utaipata wapi.

"Nnavyoona mimi," akaendelea, "pini inatwambia kuna kitu kimekwama. Tukitafuteni."

Bolti ikarudi mfukoni.

Tukazima umeme, tukasubiri jiko lipoe, tukatoa makaa yote. Nikalizungusha parafujo kwa mkono. Linakwenda vizuri, kisha linafika mahali linagoma. Kila mzunguko, pale pale. Tukalegeza bolti za bomba, Khalfan akashika huku, mimi kule, tukalivuta nje.

Wakuu, ndani ya bomba kulikuwa na kitu kigumu kama saruji.

Yale makaa ya punje ni ya vumbi la makaa lililoshindiliwa. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepinda, hakifungi sawasawa, na mnaoishi huku mnaijua rutuba ya Muscat, yaani unyevu wa hewani, nguo inalowa kwenye kamba. Makaa yalinyonya unyevu, yakavimba, yakawa tope, kisha joto la jiko likalikausha tope hilo kwenye bomba. Njia ikabaki nyembamba.

Tukakwangua kwa patasi. Khalfan, ambaye nyumbani kwake hata taa habadilishi, alilala chini na kanzu yake nyeupe akikwangua. Dada yake akamtazama, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu apunguzwe kazini.

Tukarudisha parafujo na pini mpya, tukatia makaa makavu. Likazunguka. Moto ukashika, lakini moshi ukaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye tangi. Hilo ni jambo la hatari, moto unaweza kuyafuata makaa huko juu. Tukazima tena. Mapanga ya feni yalikuwa yamejaa majivu, pumzi haitoshi. Tukayasafisha kwa brashi. Tulipowasha tena, moshi ukapanda dohani kama unavyotakiwa.

Nasra akapanga mikate ya kwanza kwenye oveni. Alipofungua mlango wake, harufu ya hiliki ikajaa uani.

Ijumaa mikate ilifika kwa Bi Raya kabla watu hawajatoka msikitini. Jioni akapiga simu, akisema mmoja wa wageni wake anayeishi Qurum anataka mikate, je, Nasra anapokea oda au alikuwa anamsaidia jirani tu?

Nasra akanitazama, akajibu, "Napokea, bibi. Hii ndiyo kazi yangu."

Wakuu, nilitoka nje kidogo.

Nilichojifunza: kwenye mashine, kile kipande dhaifu mara nyingi kimewekwa kivunjike ili kikubwa kipone. Kikivunjika tena na tena usikiwekee kigumu zaidi, fuata kilichokwama. Na makaa ya punje yawekeni kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana.

Sasa nawauliza mafundi na wazoefu: joto linakuja, na rutuba nayo. Mwenye mbinu ya kuweka makaa makavu atwambie hapa. Na kama nawe kuna mashine iliwahi kukugomea siku mbaya, weka kisa chako. Nasra yuko pembeni yangu, anasoma kila comment.