Neno Alilolichagua Mercyline

Jalila wa Jomvu Kuu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na dawa aliyojipatia ni kusema kidogo. Katika hoteli ya Bamburi alikotandika vitanda miaka tisa, aliyeijua siri hiyo ni mtu mmoja tu: Mercyline, mama wa Kisii aliyeanza naye kazi siku moja. Wengine walidhani ndivyo alivyoumbwa.

Mercyline alikuwa na Kiingereza cha shule, na Jalila alikuwa na hamu nacho. Basi saa ya chakula walikaa nyuma ya jengo, wakila wali sahani moja huku akifunzwa. Siku moja Jalila akauliza mtu kama yeye wageni humwitaje. Mercyline akamweleza kwamba "quiet" ni mkimya tu, "shy" ni mwenye haya, na "reserved" ni mtu anayejihifadhi, asiyemwaga maneno ovyo. Hilo la mwisho, akasema, ndilo lako. Jalila akauliza "aloof" je, maana alilisikia kwa mgeni. Mercyline akakunja uso.

"Hilo ni la mtu anayejitenga kwa kuwadharau wenzake. Usikubali mtu akuite hivyo."

Mwaka jana cheo cha msimamizi wa vyumba kikabaki wazi, na kila mmoja alijua ni cha Jalila. Meneja, Bwana Kiponda, akamtaka Mercyline aandike maoni, kwa kuwa ndiye aliyemjua zaidi mwenzake. Mercyline akamtoa wasiwasi Jalila: ameandika vizuri. Wiki ya pili cheo akapewa yeye Mercyline. Jalila hakujua kama naye alikiomba. Akampa mkono, akajiambia ni riziki.

Kisha akaitwa ofisini kutia sahihi fomu yake ya maoni. Aliisoma polepole, neno baada ya neno. Kwenye mstari wa tatu, kwa mwandiko anaoujua, palisema Jalila ni "aloof". Akachukua kalamu, na mahali pa sahihi akaandika, kwa Kiingereza chake mwenyewe, kwamba ana kigugumizi. Bwana Kiponda akasoma, akasema laiti angalijua mapema. Lakini barua ya cheo ilikuwa imeshatoka.

Alimkuta Mercyline katika stoo ya mashuka.

"Mercy, wewe wa... wajua kwa nini sisemi."

Mercyline hakumtazama. Alisema ana watoto watatu wanaosoma, tena lile lilikuwa neno tu.

"Ungeandika sijui kazi," Jalila akasema, "ningekusamehe."

Aliomba mwenyewe kuhamishiwa dobi, kunakofuliwa mashuka ya hoteli, na huko ndiko aliko hadi leo. Mercyline akipita na orodha yake humsalimu, naye huitikia, kwa kuwa salamu ni haki. Wanawake wa dobi ni watu wema. Wamemzoea, na akikwama katikati ya neno humngoja. Wakimuuliza habari za nyumbani, hujibu kwamba wote ni wazima. Zaidi ya hapo hawaambii kitu.