Fundi wa malori aliyetufungia mtambo wa kuinua plau, Tororo enzi za wanajeshi

Wakuu, habari za humu ndani.

Nyundo niliisikia kabla sijaiona karakana. Mapigo mawili mazito, moja jepesi, yakivuka mabati ya mtaa wa nyuma pale Tororo, nami nimesimama njiani sijui nikate kushoto ama kulia. Nikaifuata sauti.

Wanaonifahamu hapa wanajua naandika riwaya, kwa hiyo mna haki ya kunitilia shaka. Hii sikuitunga. Ningeitunga, ningempa fundi huyu mwisho mwingine.

Ilikuwa miaka ya sabini, Uganda iko mikononi mwa wanajeshi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, Japadhola kwa kabila, naishi kijijini Mwello na mama yangu mjane. Tulikuwa na shamba moja la wimbi na ng'ombe wawili wa kulimia.

Asubuhi moja lori la jeshi likasimama, ng'ombe wakapandishwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama akakaa mlangoni ameshika nira, kama mtu aliyebakiwa na kiatu kimoja.

Mvua zilikuwa karibu. Tusipolima, mwaka mzima hatuna chakula.

Tulichobaki nacho ni trekta dogo la kukatia nyasi. Mama aliachiwa na familia ya Kihindi aliyoitunzia bustani, siku walipofukuzwa nchini. Injini ilikuwa nzima, ila kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini hatukufunga plau kwa mnyororo tukavuta tu. Tulijaribu. Mama alishika plau nyuma, nikaendesha, akaburutwa mpaka magoti yakachubuka. Ilibidi upatikane mtambo wa nyuma, wenye mkono wa chuma wa kuvuta ukiwa umekaa, ili ukifika mwisho wa mstari plau liinuke, ugeuke, ulishushe tena.

Mwenye nyundo alikuwa Bwana Swaleh, wa familia ya Waislamu wenye malori ya mizigo hapo mjini. Trekta hakuwahi kuligusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaona daftari limechomoza mfukoni mwangu, akaniita Profesa tangu hapo.

Akasema lori la binamu yake litabeba trekta na plau. Mimi nilete vipimo, na vijiti vya kuchomelea, maana Tororo nzima havikuwepo.

Vijiti nilivifuata Busia, upande wa Kenya, nikavirudisha ndani ya mkeka uliokunjwa. Askari wa mpakani akaupapasa mkeka, akauliza kama naoa. Nikasema ndiyo. Akanitakia heri.

Siku tatu fundi alichoma na kugonga. Ekseli ya lori lililokufa ikawa mhimili wa kuzungusha mtambo. Vipande vya springi vikawa mikono miwili ya kubebea plau. Meno ya kuzuia mkono wa kuvutia usirudi aliyakata kwa msumeno, jino moja moja.

Kipimo nilileta mimi. Mama alikuwa amefunga fundo kwenye kamba, kimo kile kile cha nira shingoni mwa ng'ombe, kwa sababu plau letu lilizoea kuvutwa kutoka hapo. Fundi akaifuata kamba. Ndoano ya kuvutia akaiweka juu, karibu na kiti.

Tukajaribu kwenye kiwanja nyuma ya karakana. Plau likauma udongo, magurudumu ya mbele yakapaa, mbele yangu kukawa hakuna kitu ila mawingu. Nikaruka. Injini ikazimika, trekta likarudi chini kwa kishindo.

Bwana Swaleh alicheka mpaka akakaa chini.

"Profesa, wewe Japadhola unajua ng'ombe. Mimi najua lori. Hii kitu hapa hakuna anajua."

Kicheko hakijaisha, shemeji yake akaingia mbiombio. Alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi ya Rubongi. Alimvuta kando, lakini nilisikia: jina la Swaleh limesomwa kambini. Aliwahi kutengeneza gari la mtu aliyetoroka, na jioni hiyo wangemfuata. Lori la kwenda Busia lilikuwa linaondoka sasa hivi.

Nikaanza kukusanya kamba zangu. Kusema kweli, shamba nilishaliaga moyoni.

Bwana Swaleh akamwambia shemeji yake lori liende, yeye atatafuta njia yake. Kisha akanigeukia.

"Nikiacha hivi itakuua, ama itaua mama. Shika hapa."

Akakata kwa patasi kile alichokichomelea kwa siku tatu. Ndoano akaishusha chini ya ekseli ya nyuma. Akanieleza, macho yakiwa kazini, kwamba hata lori linalovuta lenzake likifungwa juu huinua pua. Alilijua hilo siku zote, ila aliona aibu kubishana na kamba ya mama mkulima.

Ilichukua saa mbili. Kila gari lililopita barabarani nilitazama geti. Yeye hakutazama hata mara moja.

Tulipojaribu tena, magurudumu yote manne yalibaki ardhini. Mwisho wa mstari nikavuta mkono wa chuma, plau likainuka, udongo ukidondoka kwenye ncha yake.

Nitoke nje ya mstari kidogo niwaambie yaliyofuata. Shamba tulilimaliza kwa siku nne, mvua ikatukuta tumeshapanda. Ugali wa kwanza wa wimbi lile, mama alimega tonge akaniambia hili ni la fundi, nilile kwa niaba yake.

Nilichojifunza? Kipimo cha mtu unayemheshimu kijaribu kwanza, ndipo uchomelee. Na mtu akibaki kwa ajili yako wakati anapaswa kukimbia, mshukuru hapo hapo. Mimi nilidhani ningemwona tena.

Kama kuna mwenye habari zake, au aliyewahi kupata fundi wa namna hii, aandike hapa chini. Nitasoma zote.

Siku ile alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akavaa kanzu juu ya nguo za kazi. Akaniagiza nipake grisi kila nikimaliza kulima. Nilikuwa bado juu ya kiti, mkono wa chuma nimeushika, nauinua na kuushusha kwa furaha kama mtoto.

Akachukua mfuko wake mdogo, akapita mlango wa nyuma, akaufunga mwenyewe kwa nje.