Ndugu wa Kitanda cha Pili

"Ndugu yako amefika?"

Mwaka 2013 muuguzi aliniuliza hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilimjibu kwamba hajafika kwa sababu hayupo. Nilikuwa nimelazwa na saratani ya titi katika hospitali ya rufaa, mbali kabisa na kwetu Kibondo. Damu ilishapimwa na dawa ilikuwepo. Lakini wodi ile ilikuwa na desturi yake: dripu ya kwanza haiwekwi mpaka mgonjwa awe na ndugu wa kumshikia beseni akitapika na kuita watu akizidiwa.

"Kila mtu ana ndugu, mama," alisema.

Ndugu zangu walirudi Burundi kambi yetu ya wakimbizi ilipofungwa. Mimi nilibaki Kitahana, hukohuko Kibondo, kwa kuwa nilikuwa nimeolewa huko. Mume wangu alipofariki, wakwe walikuja matangani, wakagawana mbuzi, wakaenda zao. Ningemweleza nini yule binti muuguzi? Nilikuwa na hasira, maana uvimbe haukuwa ukimsubiri mtu.

Kitanda cha pili alilala bibi wa Kasulu, mama wa wenye maduka. Yeye ndugu walimjaa hadi wakakosa pa kukaa, na chapati zao, na chupa zao za chai. Hata hivyo dripu yake nayo ilikuwa haijaanza, kwani wanawe walisema lazima kaka yao mkubwa afike kwanza kutoka Tanga. Kila siku kaka alikuwa njiani. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Walipokuja nilikuwa nikigeukia ukutani.

Asubuhi moja muuguzi alipouliza swali lake, bibi aliinuka kitandani.

"Mwidiwe, mwanangu," alinisalimu kwa Kiha, wodi nzima ikasikia. Kisha akamgeukia muuguzi. "Ndugu yake ni mimi. Na wangu ni yeye. Tuwekeeni hizo dripu."

"Bibi, nawe ni mgonjwa."

"Mikono yangu haiumwi."

Muuguzi alicheka, akaenda kumwita daktari. Daktari alikubali tupokezane: siku ile nianze mimi, kesho yake bibi.

Alinishikia beseni lake la bluu mchana kutwa. "Tapika, usione haya. Huku nani anatujua?" Nililia, wala si kwa sababu ya dawa. Kesho yake nilimshikia yeye.

Kaka mkubwa alipofika aligomba sana, kisha akamchukua mama yake akatibiwe Tanga. Bibi aliniachia beseni.

Niliporudi kwa dripu ya pili, kitandani pake alikuwa amelala mtu mwingine. Muuguzi naye alikuwa mgeni.

"Una ndugu, mama?"

"Ninaye. Yuko Tanga."

"Basi tumsubiri?"

"Msimsubiri," nikasema, nikaliweka beseni mapajani. "Hili ni lake. Nitalishika mwenyewe."