Shemeji wa Watu Wote, Jikoni Peke Yake

Saa moja asubuhi, jikoni, mwanamume wa miaka sitini na moja anamwomba mkewe msamaha. Ameegemea meza kwa mikono miwili. "Nipe nafasi moja tu," anasema. Simu iliyosimamishwa kwenye kopo la sukari inamjibu: "Nafasi ngapi nimekupa?"

Sauti ya kwenye simu ni ya kwake mwenyewe.

Ndivyo anavyokariri siku hizi. Jioni hurekodi maneno ya waigizaji wenzake wote, akiacha kimya pale penye maneno yake. Asubuhi huketi na simu, wakazungumza. Jirani yake anacheka akiulizwa habari hizo.

"Mwanzoni tulidhani ana wageni. Tukasema afadhali, baba wa watu kapata wa kuongea naye. Kumbe wapi! Anajiuliza, anajijibu."

Mitaani hana jina jingine ila Shemeji. Alilipata kwenye tamthilia ya zamani, alipoigiza shemeji mcheshi asiyeishiwa visa, likamganda. Muuza vocha humwita Shemeji, askari wa barabarani naye vilevile, hata daktari anayempima presha.

"Nina mashemeji kila kona," anasema, akimimina chai kwenye kikombe kimoja. "Ila ukiwauliza dada yao yuko wapi, wanakuna kichwa."

Ameigiza miaka thelathini na nne na hajatajirika, wala hajifanyi. Hulipwa kwa siku anazoitwa, na msimu huu anaitwa siku tatu kwa mwezi, maana mzee anayemwigiza yu mgonjwa na kila mtazamaji anajua atakufa.

"Nimeshakufa mara kumi na moja mimi," anasema. "Kufa si kazi. Kazi ni kurudi nyumbani baada ya kufa, ukute kumetulia hivi. Naona upweke, nisikudanganye. Kuna siku namuaga mtangazaji wa redio."

Zamani aliyemsomea maneno ni mkewe, fundi cherehani. Akimaliza kushona alivaa miwani, akakaa kiti cha dirishani na kusoma: leo hakimu, kesho tapeli, keshokutwa hawara wa mumewe. Hakuigiza hata kidogo. Alisoma kama mtu anayesoma bei za vitambaa.

"Ndiyo maana nilikuwa mzuri," Shemeji anasema. "Ilibidi moto niwashe mwenyewe."

Hawajaachana. Miaka minne iliyopita mke alikwenda kumuuguza dada yake. Dada akapona, mke hakurudi. Ukimuuliza Shemeji sababu, anatania kwamba labda ni kukoroma, kisha anasogeza kopo la sukari mahali lilipokuwa tayari.

Mkewe anaijua sababu, na akipigiwa simu na mwandishi anaisema huku cherehani ikiendelea kulia.

"Siku hiyo tulikuwa tunasoma. Nikaweka karatasi chini, nikamwambia, 'Unaishi humu kama mpangaji, nami nimechoka.' Akapekua karatasi zake weee, mwisho akaniuliza, 'Huo mstari uko ukurasa wa ngapi?'"

Cherehani inanyamaza.

"Nikamwambia wa tisa. Tukaendelea kusoma."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. "Miaka ishirini na sita nimemsomea maneno ya wanawake wengine. Yangu hakuwahi kuyaomba. Kamwambie, sioni haya. Mimi nilishamwambia."

Saa kumi alasiri, uani mwa nyumba iliyokodiwa kwa kurekodia, Shemeji ameketi kwenye kiti cha plastiki, poda usoni, akingoja kuitwa. Hapo ndipo anapofikishiwa maneno ya mkewe. Anasikiliza hadi mwisho. Kisha anauliza, polepole, "Ukurasa wa tisa?"

Hakumbuki. Hilo ndilo linalomuumiza kuliko yote. Anakumbuka maneno ya watu waliotungwa miaka thelathini iliyopita, lakini siku hiyo haimo kichwani mwake kabisa.

Anaitwa ndani. Ni ile sehemu ya kuomba msamaha. Binti anayeigiza mkewe anasema, "Nafasi ngapi nimekupa?" na Shemeji, ambaye hajawahi kusahau mstari, anabaki amemkodolea macho.

"Kata!" muongozaji anasema. "Shemeji, vipi tena?"

"Nipeni dakika moja."

"Jua linatutupa, mzee wangu. Tukikosa leo, itabidi niikate hii sehemu, uje kufa tu."

"Ikate, mwanangu," Shemeji anasema, na anatoka.

Uani hana mpango mrefu. "Sitaki arudi kunisomea," anasema akitafuta namba. "Nataka aseme. Akitaka kunitukana, anitukane. Nikiyasikia, nikayajua, labda ataona nafaa kukaa naye tena. Mbele ya hapo sijui."

Simu inaita, inapokelewa. Haloo ya kwanza inapita, na ya pili.

"Mbona husemi?" mkewe anauliza. "Uko kazini?"

"Nipo. Lakini sina karatasi yoyote mkononi." Anakohoa. "Zamu yako, mama."

Kimya kinakuwa kirefu, na safari hii si yeye aliyekipanga. Upande wa pili kiti kinavutwa.

"Una muda?" mkewe anauliza.

"Ninao."

Mlangoni muongozaji anaita, "Shemeji! Shemeji!" Shemeji ameziba sikio moja kwa kidole, na lile jingine amelikaza kwenye simu.